Madamu wa Picha Kwanza

Jina lake sitalitaja. Si siri, Arua nzima inalijua, lakini yeye mwenyewe alinifundisha kwamba jina la mtu likishaingia kwenye simu halitoki tena, na mimi sitaki kesi uzeeni. Tulimwita Madamu. Hapa Mvara, mtaa wetu wa Arua, akina madamu ni wengi, wa shule, wa kwaya, wa benki, lakini ukisema Madamu bila kuongeza kitu watu walijua ni yule wa jenda, wa haki za wanawake, yule wa kutembea na simu mbele ya uso kama mtu anayetafuta njia gizani.

Kazi yangu mimi ni viti. Viti vya plastiki vya kukodisha, na hema mbili, moja nzuri na moja ya watu wasiolalamika. Shuleni sikukaa sana. Kusoma nasoma, polepole, midomo ikitembea. Lakini kwa sababu ya viti nimekaa kwenye harusi, matanga na semina kuliko mheshimiwa yeyote, na semina za Madamu sikukosa hata moja. Bila viti hakuna semina, na bila semina hakuna picha.

Na picha ndiyo ilikuwa kila kitu. "Picha kwanza, maneno baadaye," alikuwa anasema, tena kwa sauti ya mtu anayesoma amri ya serikali. Watu wakija wachache, aliwahamisha wote upande wa kushoto wa hema, akapiga picha. Kisha akawahamisha wote upande wa kulia, wamebadilishana vitambaa vya kichwa, akapiga tena. Jioni mtandaoni ungeona umati. Mimi niliyebeba viti najua umati ule ulikuwa wa watu gani: akina mama walewale wa Manibe, waliokuja kwa sababu walisikia kuna soda.

Siku moja aligawa mabango ya karatasi ya kushika mbele ya kifua, yameandikwa Kiingereza. Bibi mmoja mzee sana akaniita.

"Wewe wa viti, hii karatasi yangu inasema nini?"

Nikasoma kwa shida. "Inasema, mimi ni mwanaume wa kweli, sipigi mke wangu."

Bibi akafikiri. "Hiyo ni kweli kabisa," akasema. "Mimi sijapiga mke yeyote." Akainyanyua juu zaidi. Picha ile ilipendwa mpaka Ulaya, na wazungu waliandika chini yake kwamba wamelia. Mimi pia nililia, lakini kwa sababu nyingine.

Usidhani namchukia. Ngoja, nitafika huko.

Mumewe alikuwa mwalimu mpole, mtu wa kusema samahani hata kwa mbuzi. Madamu alimpiga video akisonga ugali wa muhogo, amefunga kanga kiunoni, na maneno yalisema wanaume waingie jikoni. Watu wakashangilia, wengine wakamtukana mwalimu kwamba amekaliwa. Ukweli ni kwamba video ilikwisha na mwalimu akaendelea kusonga, siku ile na siku zote, maana mkewe alikuwa sebuleni anajibu komenti na watoto wana njaa. Kwa hiyo siwezi kusema alidanganya. Kwake kweli ilianzia mtandaoni, kisha ikachelewa kufika nyumbani, lakini wakati mwingine ilifika.

Wakati mwingine haikufika. Mahari aliipinga kwa herufi kubwa. Binti yake alipochumbiwa, hema nzuri ilikuwa yangu, nikaona kwa macho yangu anavyowakagua mbuzi. Akamkataa mmoja.

"Huyu anachechemea," akasema.

"Madamu," nikamwambia pembeni, "si ulisema mwanamke hauzwi?"

"Hauzwi, Mzee. Ndiyo maana siwezi kupokea mbuzi kiwete."

Mpaka leo nimetafuta jibu la maneno hayo sijalipata.

Na kupiga magoti. Huku kwetu mwanamke akimsalimia baba mkwe anapiga magoti, na Madamu alikuwa ameandika mara nyingi kwamba magoti ni ya Mungu tu. Lakini baba mkwe wake aliishi Manibe, mzee mkali wa zamani, na Madamu alipofika pale na wageni wake wa semina alizunguka nyuma ya nyumba, akachungulia kama kuna mwenye simu, akapiga magoti haraka kama mtu anayeokota sindano, akasimama, akajipangusa vumbi. Mimi nilikuwa naegemea mti nakojoa, samahani kusema. Aliniona. Hakuniomba ninyamaze, na mimi sikusema, hadi leo.

Sasa ushujaa wake. Alikuwa nao, tusimwibie. Matusi aliyoandikiwa mtandaoni siwezi kuyaweka hapa, wajukuu wanasoma. Wengine wangefunga simu. Yeye alijibu kila komenti, iwe ya sifa, iwe ya matusi, hata ya mtu anayeuza dawa ya nguvu za kiume. "Komenti ikiachwa bila jibu," alisema, "yule mwingine anadhani ameshinda." Alijibu akila, alijibu kanisani wakati wa matangazo, alijibu akiwa nyuma ya bodaboda, mkono mmoja umemshika dereva.

Kuna mwanaume mmoja aliandika kwamba akikutana naye atamkata. Madamu akauliza-uliza, akajua ni mwuza viatu wa sokoni Arua. Akaenda, mimi nilikuwa pale natafuta kamba ya hema. Akasimama mbele ya kibanda.

"Nimekuja," akasema. "Kisu iko wapi?"

Yule bwana akabadilika rangi. "Madamu, ile ilikuwa mambo ya mtandao tu."

"Mimi pia ni mtu ya mtandao. Kata."

Watu walijaa. Bwana akatafuta pa kutazama, mwishowe akaagiza soda. Madamu akainywa yote, taratibu, amesimama, kisha akamvuta begani wakapiga picha pamoja. Yeye anacheka, bwana anaonekana kama amemeza soli ya kiatu. Hakuandika tena matusi yule. Kwa hiyo nikisema jambo baya juu ya Madamu, kumbuka na soda ile.

Basi, jambo baya lenyewe.

Mimi nina binti wa dada yangu aliyeolewa Dranya, huko Koboko. Mama Zubeda. Mumewe alifariki, akaacha shamba kati ya kisima na njia ya msikitini, ardhi nyeusi, muhogo unatoka mnene kama paja. Ndugu wa marehemu, tunayemwita Sajenti kwa sababu alipita jeshini na hakukubali kutoka, alilitaka kupanda miti ya mbao. Wazee wa ukoo wakakaa. Walikaa sana, kama wazee wanavyokaa, lakini mwisho wakaelekea kusema shamba ni la mjane na watoto. Ilibaki kupika na kula pamoja, kwao hiyo ndiyo mihuri. Siku ya kula ilikuwa imepangwa.

Katikati ya hapo Madamu akapeleka semina Dranya. Viti vyangu vikaenda juu ya lori, na mimi juu ya viti. Mama Zubeda akaja kunisalimia, "Mjomba, umekonda," na maneno kama hayo, bado amevaa nguo za matanga. Madamu akamwona, akamwuliza habari. Mama Zubeda akamweleza shida ya shamba, jinsi mtu anavyomweleza mgeni, bila kupamba, na palipouma alilia kidogo. Hakujua simu inaona. Hakuulizwa. Picha kwanza.

Madamu hakuwa mjinga. Alijua uso wa mtu unafichwa, akaweka ua kubwa la njano juu ya uso wa Mama Zubeda, zuri kabisa. Akaandika: mjane mmoja, mahali fulani mkoani West Nile, ananyang'anywa ardhi na ukoo.

Mahali fulani! Nyuma ya ua pale ulionekana msikiti wa Dranya. Alionekana mbuzi wake mwenye pembe moja. Ilionekana miguu yake, na Dranya watu wanajuana kwa miguu. Kabla ya jua kuzama, chini ya video watu walikuwa wanaandika, "Pole Mama Zubeda," "Mama Zubeda, shangazi anakusalimia kutoka Yei," "Hiyo si shamba ya karibu na kisima? Sajenti bado tu?" Mwingine akauliza kama mbuzi anauzwa. Na Madamu, kwa desturi yake, akawajibu wote: asante kwa kusimama na dada yetu.

Ukoo ule una vijana Kampala, una vijana Juba, na wana kundi lao kwenye simu. Wakawarukia wazee. Nyinyi ni wezi? Mnatuaibisha mbele ya dunia? Mzee mkubwa wa ukoo, mtu asiye na simu, akasomewa yote kwa sauti na mjukuu wake, mstari kwa mstari, pamoja na wale wa kucheka-cheka. Alipomaliza kusikia akasema, "Tulikuwa tunampa. Sasa tumeitwa wezi kabla hatujaiba." Akafuta siku ya kula. Neno likatoka: shamba halilimwi na mtu yeyote mpaka ile video iondoke. Sajenti alifurahi mpaka akanyoa ndevu.

Na mvua zilikuwa zinakuja.

Nikamwendea Madamu kwake Mvara. Nikakaa ukingoni mwa kiti, kwa heshima.

"Madamu, ondoa ile video."

"Mzee, unajua imefika wapi? Haijawahi kutokea video yangu ikafika pale."

"Imefika Dranya. Hapo ndipo ilipokosea."

"Nikiifuta, mfumo dume umeshinda. Ile ni ushahidi. Leo nafuta ya Mama Zubeda, kesho kila mwanaume ataniambia futa."

Sikukataa kwamba kuna akili mle. Lakini nikamwambia, "Mvua ikianza, itasoma komenti kwanza?"

Akasema atatafakari. Akaitafakari video kwa kuirusha tena.

Mama Zubeda mwenyewe akaja Arua, nikamsindikiza kwa Madamu, amebeba karanga za kumzawadia, adabu za nyumbani. Madamu akamkumbatia, akamkalisha dirishani. Kisha kwenye kiti cha pembeni. Kisha akarudishwa dirishani.

"Mama, kwa nini unanihamisha-hamisha?" akauliza Mama Zubeda.

"Natafuta mwanga mzuri, dada. Useme mwenyewe, kwa maneno yako, kwamba hutaogopa."

"Mimi naogopa. Nimekuja juu ya shamba."

"Sema hivyo hivyo, lakini tazama hapa."

Mama Zubeda akasimama, akaacha karanga juu ya meza, akatoka. Nikamfuata hadi kituo cha magari.

Alichofanya baadaye nilisimuliwa na binti yake, na yaliyotokea kwa Madamu nilisimuliwa na mwalimu, yule wa kusonga ugali. Mama Zubeda alifika nyumbani akamwambia binti yake Zubeda aazime simu ya jirani. Akamtamkia, binti akaandika, chini ya video ileile, katikati ya pole na hongera na mnunuzi wa mbuzi: "Mimi ndiye niko nyuma ya hii ua. Futa. Nataka kupanda."

Madamu akaiona akiwa mezani. Mwalimu anasema alianza kuandika jibu, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Ugali ukapoa. Watu wakaanza kuandika chini ya maneno ya Mama Zubeda: Madamu, mbona humjibu? Unajibu hata wauza dawa. Kwa mara ya kwanza mwalimu alimwona mkewe anaigeuza simu kifudifudi, kama sahani ya mgeni ambaye hakuja.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. "Mzee, twende Dranya."

"Na viti?"

"Bila viti."

Sasa, kufuta si ungefutia Mvara? Wazee walikuwa wametuma neno kwamba hapana. Walitaka kuona ikiondoka kwa macho yao, kwa sababu kitu kilichotukana hadharani hakiombi radhi chumbani. Tukawakuta wamekaa, Sajenti pembeni amekunja mikono. Madamu akawasalimia. Alipiga magoti, mbele ya watu wote, na safari hii hakuchungulia. Kisha akatoa simu, akabonyeza.

Kitu kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Wazee wakainama kukitazama.

"Ndiyo inaondoka?" akauliza mzee mkubwa.

"Bado, Baba. Mtandao."

Nawe unajua simu za kule. Koboko iko kwenye kona ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini, simu haijui ilale wapi. Ikalia, ikasema karibu Kongo. Madamu akatembea hatua kadhaa, ikarudi Uganda, kisha mtandao ukafa. Sajenti akacheka: "Hata simu inakataa kupewa amri na mwanamke."

"Juu ya kilima iko mtandao," akasema Mama Zubeda. Alikuwa amesimama nyuma na jembe begani. Sijui nani alimwambia aje na jembe. Nadhani alijiambia mwenyewe.

Basi tukapanda, Madamu mbele ameinua simu juu, nyuma yake wazee na fimbo zao, wakikohoa, nyuma yao Sajenti, nyuma yake mimi na magoti yangu. Ungetuona ungedhani tunamfuata nabii. Kule juu, kwenye mawe, mtandao ukaja. Madamu akanyoosha kidole.

"Ngoja," akasema mzee mkubwa. "Tuione kwanza. Hatujaiona hata siku moja, tumesomewa tu."

Wakaiona. Wakaomba tena. "Huyu kuku ni wangu!" mzee mmoja akapiga kelele. "Angalia msikiti wetu, kumbe ni mzuri hivi." Mara ya tatu mzee mkubwa hakucheka. Alimsikiliza Mama Zubeda akilia nyuma ya ua lile la njano mpaka mwisho, akasema, "Haya. Alisema ukweli lakini alisemeshwa vibaya. Toa."

Madamu akaitoa. Nilimtazama usoni, alikuwa kama mtu anayeshusha jeneza. Mzee mkubwa akamgeukia Mama Zubeda, akamwambia aende akalime, watakula Ijumaa. Na Mama Zubeda hakungoja hotuba. Alishuka kilima mbio, mwanamke mzima, kabla hawajabadili mawazo.

Hapo ndipo ungetegemea Madamu amepona. Ha! Hata simu hajairudisha mfukoni, akasema, "Wazee wangu, picha moja ya kumbukumbu." Na wazee, ambao walikuwa wamekasirishwa na video, wakajipanga, wakibishana nafasi kwa muda mrefu! Sajenti akasukuma watu akasimama katikati, ngumi juu. Usiku ule yuko mtandaoni, ameandikwa mwanaume bingwa wa haki za wajane. Laiki zake zilipita za ile video. Nilitema mate, lakini Mama Zubeda aliponionyesha picha ile kwenye simu ya jirani, hakujali.

"Mimi huyu hapa, Mjomba," akasema, akaweka kidole chini kabisa, nyuma ya mguu wa Sajenti, kwenye bonde. Kulikuwa na nukta kama chawa. "Nimeinama. Nimeshaanza mstari wa kwanza."

Mara ya mwisho kumwona Madamu ilikuwa mwaka jana, kabla hajahamia Kampala kwenye kazi kubwa. Alifanya sherehe ya kuaga uwanjani Mvara, viti vyangu vyote, hema nzuri. Alikuwa amemwalika Mama Zubeda, sasa mwenye mwili, na gunia la muhogo alilomletea liko langoni. Mbele palifunikwa bango kubwa kwa kitambaa. Nikajua tu: Sajenti na ngumi yake.

Kitambaa kikavutwa. Watu wakatazama. Wakainamisha vichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Hapakuwa na Sajenti wala wazee. Lilikuwa doa kubwa la kahawia, vumbi-vumbi, katikati ya kijani kibichi. Mgeni wa heshima akamnong'oneza jirani yake, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, tukasikia wote: "Huyo ni mbuzi?"

Fundi wa mabango aliniambia baadaye kwamba alimwonya Madamu. Kitu kidogo ukikikuza hivyo kinaharibika. Madamu akamwambia kuza tu.

Watu wakaanza kucheka. Mama Zubeda akainuka kutoka kiti changu cha mstari wa pili.

"Hiyo si mbuzi," akasema. "Hiyo ni mimi. Na hiyo ni shamba yangu."

Ndipo nikaikumbuka ile nukta nyuma ya mguu wa Sajenti. Mkono wa Madamu ukaruka wenyewe, simu tayari usoni. Kisha nikaona jambo ambalo kwa miaka yote ya kumbebea viti sikuliona. Simu ikashuka. Akamtazama Mama Zubeda kwa macho yake mwenyewe.

"Dada," akamwuliza, "naweza kupiga?"

Mama Zubeda akalifikiria swali lile.

"Hapana," akasema, akakaa. "Leo nimekuja kula."